Farasi wa Niue, wa Tuvalu au wa Visiwa vya Cook: uchukue sarafu ipi?

Mpwa wangu anafanya kazi Muscat. Desemba alinitumia picha tatu kwa WhatsApp, zote za sarafu za madini ya fedha, zote zina farasi. "Shikamoo mjomba. Binti anatimiza miaka 12 Januari. Kazaliwa 2014, mwaka wa farasi kwa Wachina, na 2026 farasi anarudi tena. Nichukue ipi hapa?"

Ya kwanza imeandikwa Niue, ya pili Tuvalu, ya tatu Cook Islands. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo ilikuwa na picha ya kupendeza kuliko zote, na ile kubwa ilikuwa na bei ya kumtoa mtu jasho. Mpwa wangu si mkusanyaji. Anataka kitu ambacho mtoto atakiweka, na akikikuta kabatini siku ana miaka 30, kiwe bado kina maana na bado kina pesa ndani yake. Haya mawili hayakai pamoja kirahisi kwenye sarafu za aina hii, ndiyo maana jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotarajia.

Jina la kisiwa ni la kukodi

Niue ni kisiwa kimoja cha matumbawe katika Pasifiki ya Kusini. Watu wake hawafiki 2,000, na tangu 1974 kinajitawala kwa ushirika na New Zealand. Visiwa vya Cook ni 15, na wao waliingia mpango kama huo mwaka 1965. Tuvalu ni nchi huru tangu 1978, si himaya ya mtu, ila kwa udogo wake wauzaji huitia kapu hilohilo. Ipo pia Tokelau: Atafu, Nukunonu na Fakaofo, visiwa vitatu visivyo na uwanja wa ndege, unaviendea kwa meli kutoka Apia, Samoa. Tokelau bado iko chini ya New Zealand, maana kura za kujitawala za 2006 na 2007 zote zilikosa theluthi mbili zilizotakiwa. Nayo imeweka jina lake kwenye sarafu za wanyama hawa, wale 12 ambao Wachina huipa miaka yao kwa zamu.

Sarafu hizi hazipigwi visiwani. Kisiwa kinatoa ruhusa jina lake na thamani ya kisheria viandikwe, kiwanda cha mbali kinafua sarafu na kuiuza duniani, kisiwa kinapata ada yake. Ni biashara ya jina, kama ile ya anwani za intaneti: .tv ni ya Tuvalu, .nu ni ya Niue, .tk ni ya Tokelau. Asiye na shamba kubwa anauza alichonacho, na sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni ya mnunuzi anayedhani amenunua kitu kilichotoka mikononi mwa watu wa Niue.

Kiwanda cha Jamhuri ya Czech, kule Jablonec nad Nisou, kinapiga sarafu yenye simba wa nembo ya Wacheki wenyewe, lakini ukisoma maandishi unakuta Niue na thamani kwa dola. Mennica Polska ya Warsaw nayo imepiga sarafu za Niue. Anayejulikana zaidi kwa jina la kisiwa hicho ni New Zealand Mint, kampuni binafsi ya Auckland: mwaka 2011 ilitoa sarafu za Star Wars, na mwaka wa panya, 2020, ikamweka Mickey Mouse. Kwa hiyo kusema "sarafu ya Niue" ni kama kusema "gari la Dubai". Umetaja lilikopitia, hujamtaja aliyeliunda.

Wanyama wenyewe pia si wa huko. Katika visiwa vidogo vya aina hii ninavyovijua, kimoja tu kina haki ya kuwaita wanyama hawa wake, nacho kiko katika Bahari hii yetu ya Hindi: Kisiwa cha Christmas, kusini mwa Java, chini ya Australia. Wachina walipelekwa huko kuchimba fosfeti, na kizazi chao ndicho kundi kubwa zaidi kisiwani mpaka leo. Hadi 1958 kisiwa kilitawaliwa kutoka Singapore. Huko mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya nyumbani. Na kinachojulikana zaidi kutoka kwao kwa wanyama hawa ni stempu, ambazo ukizilinganisha na sarafu ni bei ya karanga. Anayetaka kitu chenye mizizi halafu hana haja ya madini, aanzie hapo.

Tatu zikiwa mezani

Kabla ya kuzipima lazima pawe na kipimo, na kipimo chetu si sarafu ya kisiwa. Ni ile ya Perth Mint, kiwanda cha serikali ya jimbo la Australia Magharibi kilichofunguliwa 1899 kama tawi la kiwanda cha sarafu cha Kiingereza. Hao walianza wanyama wa Kichina kwa dhahabu mwaka 1996 na kwa fedha mwaka 1999. Mfululizo wa pili ulikwenda kutoka panya wa 2008 hadi nguruwe wa 2019, wa tatu ulianza 2020 na utafika 2031. Sarafu yao ya kawaida ya aunsi moja, yaani karibu gramu 31, haina rangi, na idadi yake iliwekewa kikomo cha 300,000 kwa mwaka. Nchi iliyoandikwa ni Australia. Nimeiweka mezani kwa sababu kila muuzaji mkubwa wa fedha duniani anaijua na ana bei yake ya kuinunua. Sarafu nyingine yoyote unayoitaka, jiulize kwanza kwa nini usichukue hii.

Sasa ya Tuvalu aliyonitumia mpwa. Hii nayo imefuliwa Perth, na hapo tayari imeshapata alama moja kwangu. Ni ile wanayoiita ya mnyama mchanga: nusu aunsi, thamani iliyoandikwa senti 50, mtoto wa farasi kwa rangi, na madini yenyewe yameng'arishwa kama kioo. Kazi ya namna hiyo wakusanyaji huiita prufu: sarafu inapigwa zaidi ya mara moja kwa mhuri uliosuguliwa, uwanja unabaki kioo na picha inabaki na ukungu wa theluji. Kwa mtoto ni nzuri mno. Kasoro yake ni udogo. Gharama ya kuipiga, kuitia rangi, kisanduku na cheti haipungui nusu eti kwa sababu fedha ni nusu, kwa hiyo kila gramu unailipia zaidi.

Ya Niue ilikuwa aunsi moja, dola 2, rangi kiasi na dhahabu imepakwa kwenye manyoya ya shingo. Dhahabu hiyo ni utando mwembamba kuliko karatasi, usiihesabu kwenye mizani. Hapa ndipo nilipomwambia mpwa asome cheti na si tangazo: nani amepiga, uzito gani, usafi gani, zimetoka ngapi. Niue ina viwanda vingi nyuma yake, basi na ubora wake unapanda na kushuka. Nimeshika sarafu za Niue ambazo ukiziweka chini ya kioo cha kukuzia huoni kosa. Nimeshika na nyingine ambazo rangi imepita mstari kama mtoto wa chekechea ndiye aliyeichora.

Ya Visiwa vya Cook ni jitu. Aunsi 5, yaani zaidi ya gramu 155, thamani iliyoandikwa dola 25, na katikati kimepachikwa kipande cha lulumizi, ule upande wa ndani wa kombe la chaza unaometameta, chenye farasi juu yake. Nikiulizwa kwa macho tu, hii ndiyo naichagua. Lulumizi inabadilika kila ukiinamisha mkono, rangi ya kuchapwa haiwezi kufanya hivyo. (Fiji nao waliwahi kupachika lulu nzima, ndogo, kwenye sarafu zao za wanyama hawa. Inapendeza, ila mimi kila nikiiona nawaza gundi.) Lakini aunsi 5 ni mtaji. Ukishikwa na shida ya ada ya shule huwezi kukata robo yake ukauza.

Hesabu ya dakika mbili

Gawa bei unayotajiwa kwa thamani ya fedha iliyomo. Basi.

Tuseme aunsi ya fedha siku hiyo ni dola 60. Tuvalu, nusu aunsi, ina fedha ya dola 30. Wakitaka 75, umelipa mara mbili na nusu. Niue ina fedha ya dola 60. Wakitaka 130, umelipa mara mbili na kidogo. Ile ya Cook ina fedha ya 300. Wakitaka 690, ni mara 2.3. Ya Perth ya kawaida ya mwaka huohuo, wakitaka 80, ni mara moja na theluthi. Hizi namba ni za kuonyesha njia tu, weka za siku yako. Mimi binafsi, kitu kikizidi mara mbili najua nimetoka kwenye akiba nimeingia kwenye pambo, na pambo nalinunua kwa pesa ya starehe, si ya mtoto.

Hiyo dola 2 iliyoandikwa kwenye sarafu ya Niue isikushughulishe. Ipo ili kitu kiitwe sarafu na si medali.

Na hata ile ya Perth haina dhamana ya faida. Fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi Aprili 2011, na mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Mwaka 2025 ikapita 50. Aliyenunua 2011 na kuuza 2015 alilia, na mnyama aliyekuwa kwenye sarafu hakumsaidia.

Siku ya kuuza

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa sonara mmoja, mzee, na sarafu ya Tuvalu ya nusu aunsi yenye rangi. Sikutaka kuiuza, nilitaka kusikia. Aliitoa kwenye kasha bila kuniuliza, akaitupia mizani.

"Tola moja na theluthi," akasema, kwa kipimo cha masonara ambacho kimoja ni karibu gramu 11.7. "Fedha nzuri. Hii rangi ni ya nini?"

"Ndiyo thamani yake, mzee wangu. Za hivi ziko chache."

Akacheka. "Mwanangu, nikiitia moto hiyo rangi inakuwa moshi. Nakununulia tola."

Akafungua droo akatoa riale ya Maria Theresa, ile ya tarehe 1780 ambayo wanaendelea kuipiga kwa tarehe hiyohiyo mpaka leo, akaiweka kando. "Hii nakupa zaidi ya uzito wake. Bi harusi anaitaka shingoni." Niliporudi nyumbani nikapiga hesabu: riale ina gramu 28 na usafi wa 833 kwa elfu, kwa hiyo riale nne zina fedha sawa na sarafu tatu za aunsi moja. Lakini riale ina mnunuzi pale mtaani. Mtoto wa farasi wa Tuvalu hana.

Somo hilo ni la kwetu hasa. Ukiwa Ujerumani, Australia au Marekani kuna wakusanyaji na minada, na sarafu ya Niue iliyotoka chache inaweza kukuta mtu aliyekuwa anaitafuta. Ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, kuna sonara na mizani yake. Uchache nao huwachanganya watu. Tangazo linasema zimepigwa 1,000 tu. Swali ni wangapi wanaotaka. Sarafu 1,000 zenye wateja 400 ni nyingi, sarafu 300,000 zenye wateja milioni ni chache.

Joka ndiye pekee anayevunja utaratibu huu kidogo. Mwaka wa joka, kama 2012 na 2024, wanunuzi wa Kichina wanaongezeka na bei inapanda kwa karibu kila mtoaji, mkubwa na mdogo. Nguruwe wa 2019 kwa upande wetu ni kinyume chake. Nyumba nyingi za pwani hata ukimpa mtu bure atakuuliza una nia gani.

Kama unataka jina la Kiafrika, Rwanda nayo imo kwenye sarafu za aunsi za wanyama wa Kichina. Somalia inajulikana zaidi kwa tembo, anayetoka kila mwaka kwa jina lake tangu 2004, anayefuliwa na kiwanda cha serikali ya Bavaria kule Ujerumani. Yule tembo anauzika kirahisi kuliko farasi wote watatu wa mpwa wangu, kwa sababu zilezile za Perth: kiwanda kinajulikana na watu wameshazoea.

Kughushi, madoa na forodha

Kinachoghushiwa zaidi ni kinachouzika haraka, kwa hiyo ile ya Perth ndiyo ya kuchunguza kuliko zote. Sumaku haitoshi, maana shaba iliyopakwa fedha nayo haishiki sumaku. Pima uzito, kipenyo na unene pamoja. Shaba ni nyepesi kuliko fedha kwa ujazo uleule, hivyo mghushi akipatia uzito na kipenyo, unene unamsaliti. Kwa sarafu isiyo na rangi wala kito unaweza kuining'iniza kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani ya sonara, isiguse chini: aunsi moja ya fedha safi itaongeza karibu gramu 2.96, shaba ingeongeza karibu 3.5. Ukimaliza ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa, usisugue. Ya prufu usiitoe kabisa kwenye kasha lake. Alama ya kidole kwenye kile kioo haiondoki, na mnunuzi wa pili anataka kisanduku na cheti kama anavyotaka sarafu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza ya rangi kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja na doa jeupe shingoni mwa mnyama, dogo kama punje ya ulezi. Nikaandika. Wakanijibu kwamba madoa ya namna hiyo ni tabia ya fedha na hayarudishiwi pesa. Madoa hayo yapo kweli, hutokea hata kwa viwanda vikubwa. Kwa sarafu ya uzito hayabadilishi kitu. Kwa sarafu uliyolipa mara mbili na nusu kwa ajili ya uso wake, ndiyo hasara yenyewe. Tangu hapo naomba picha ya sarafu ninayotumiwa mimi, si ya katalogi. Hewa ya bahari yetu nayo si rafiki: weka na vifuko vya kukausha unyevu, na epuka mifuko laini ya plastiki inayonata, huacha utelezi wa kijani.

Mzigo ukija kwa posta, piga hesabu ya forodha kabla ya kulipa. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Ulizia mapema, maana kuongeza asilimia hizo juu ya sarafu iliyokuwa tayari mara mbili ya fedha yake kunabadilisha uamuzi wote.

Nilichomwambia

Kama ni akiba, Perth ya aunsi moja, kisiwa usikiangalie. Kama ni zawadi ya kumfurahisha mtoto na hutaki kuuza, Tuvalu ya nusu aunsi, na uhesabu pesa iliyozidi kama umenunua mdoli. Ya Cook ni ya mtu mwenye kabati la kioo na mshahara mwingine. Ya Niue ningeichukua tu kama cheti kinamtaja mpigaji ninayemjua na hesabu haijapita mara mbili. Hiyo aliyonitumia ilikuwa imepita, na cheti hakikupigwa picha.

Halafu nikamuuliza kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. "Binti kazaliwa tarehe ngapi hasa?"

"28 Januari."

Mwaka wa farasi wa 2014 uliingia 31 Januari. Mwaka wa Kichina hufuata mwezi, hauanzi na kalenda ya ukutani. Wa 2026 tarehe yake ni 17 Februari. Aliyezaliwa Januari au Februari lazima aangaliwe tarehe yake. Binti kawahi kwa siku tatu. Yeye ni wa mwaka ulioanza 10 Februari 2013: nyoka. Sarafu zote tatu hazikumhusu.

Ikapita kama nusu saa. "Mjomba, mama yake anasema nyoka hamwingizi nyumbani."

Nikamwambia amuulize mwenye siku yake. Jioni ikaja sauti ya mtoto kwenye simu: "Babu, nataka nyoka. Darasani kwetu wote ni farasi."

Wakachukua ya Perth ya 2013, aunsi moja, haina rangi. Ilipofika waliiweka juu ya mizani ya jikoni wakanitumia picha, inasoma 31. Mama yake ameisimamisha kwenye kabati la vyombo, nyoka ameelekea ukutani, Malkia Elizabeth ndiye anayetazama wageni.